Namna ya Kuandika Jeraha la Moto

Katika miaka yote niliyokaa na mafaili ya wagonjwa, hakuna maneno yaliyonitaabisha kama haya mawili, "ameungua moto"; kwani lugha yetu humwita kwa jina hilo aliyeshikwa na ndimi za moto, aliyemwagikiwa uji, na hata aliyemwagiwa tindikali, ilhali kitabu cha misimbo cha Shirika la Afya Duniani, ICD-10, huwatenga watatu hao kabisa.

Nalijifunza hayo kwa taksiri yangu mwenyewe. Aliletwa mtoto wa miaka miwili, kifua na mkono vimejaa malengelenge. Faili halikuwa na zaidi ya maneno hayo mawili, nami, kwa kuwa jua limekwisha kuchwa na kazi imenilemea, nikatia T30, yaani ameungua mahali pasipotajwa. Usiku ule sikupata raha. Asubuhi nikaenda wodini.

"Shikamoo, bibi. Mjukuu ameunguzwa na nini?"

"Marahaba, mwanangu. Ni uji, alivuta kitambaa cha meza, bakuli likamwinamia."

Kwa jibu hilo sababu ikawa X10, ya vyakula na vinywaji vya moto, wala si X12, ambayo mathalan ni ya maji ya kuoga yaliyochemshwa jikoni. Kisha uliza mkono wapi, maana "mkono" wetu huanzia begani hukoma vidoleni, na kitabu huukata kifundoni: juu yake ni T22, kifundo na kiganja ni T23. Kwa mtoto yule, malengelenge yakiwa juu ya kifundo na ya daraja la pili, nikaandika T21.2 ya kifua na T22.2.

Eneo lililoungua huongezwa kwa T31. Hapa hadhari: kanuni ya tisa ya kukadiria eneo hilo, aliyoieneza daktari Wallace mwaka 1951, humpa mtu mzima asilimia 9 ya kichwa, bali kichwa cha mtoto mchanga hukaribia 18. Mtoto apimwe kwa kiganja chake mwenyewe, pamoja na vidole, ambacho ni kama asilimia 1. Na wekundu mtupu usihesabiwe aslani. Daktari akapata 8, nami nikatia T31.0.

Isisahauliwe saa ya kuungua, kwani kwa wenye majeraha mapana dripu huhesabiwa tangu saa hiyo, si tangu kufika hospitali. Bibi hakuwa na saa. Alikumbuka kuwa adhana ya alasiri ilikuwa ikiadhiniwa. Nikamwomba muuguzi ayaandike maneno yale kama yalivyo, na saa ya adhana hiyo ubavuni.