Mama Mjamzito, Usinyamazie Majimaji Yenye Harufu Ukeni

Mama mjamzito hufika kliniki, hupimwa presha, uzito na damu, kisha hurudi nyumbani bila kutaja majimaji yenye harufu yanayomsumbua. Pengine anaona aibu, au anahofia maswali ya mume. Somo hili ni la mama huyo, na la mume wake pia.

Ni hali gani hii?

Katika uke wenye afya huishi bakteria wazuri wanaotengeneza asidi na kuzuia viini vingine. Wakipungua, bakteria wengine huongezeka kupita kiasi. Hali hiyo huitwa vajinosisi ya bakteria. Kuwa na mwenzi mpya au wenzi wengi, na kuosha ndani ya uke kwa sabuni au dawa, huongeza uwezekano wa kuipata. Hata hivyo, si ushahidi kwamba mmoja wenu ametoka nje ya ndoa.

Dalili

- Majimaji mepesi, meupe au ya kijivu.
- Harufu kama ya samaki, hasa baada ya tendo la ndoa.

Mwasho mkali na uchafu mzito kama maziwa yaliyoganda mara nyingi ni fangasi, na dawa yake ni tofauti. Wanawake wengi wenye vajinosisi hawana dalili yoyote.

Hatari kwa mimba

Si kila mwenye hali hii hupata madhara. Lakini imehusishwa na chupa ya maji kupasuka mapema, kujifungua kabla ya wiki 37, mtoto kuzaliwa na uzito chini ya kilo 2.5, na maambukizi ya mji wa mimba baada ya kujifungua. Pia humrahisishia mwanamke kuambukizwa virusi vya Ukimwi.

Matibabu

Dawa inayotumika sana ni metronidazoli, ambayo wengi huiita Flagyl. Kwa kawaida vidonge humezwa mara mbili kwa siku kwa siku 7, na wajawazito hupewa. Usijinunulie dukani wala kutumia dawa ya jirani, pimwa kwanza. Maliza dozi hata harufu ikiisha. Dalili zikirudi, rudi kituoni.

La kufanya

1. Osha sehemu ya nje tu, kwa maji safi. Usiingize sabuni, ndimu, mitishamba wala manukato ukeni.
2. Anza kliniki mapema. Hata msimu wa kuchuma majani chai ukipamba moto, usiahirishe.
3. Mwambie muuguzi kama uliwahi kujifungua kabla ya wakati.
4. Ukiona damu, maji yakivuja, uchungu kabla ya wakati au homa, nenda hospitalini mara moja, usiku au mchana.

Zahanati iliyo karibu nawe ndiyo mahali pa kuanzia. Ikihitajika, utatumwa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Longisa. Baba, msindikize. Muuguzi amezoea kusikia maswali haya, na mazungumzo yenu ni siri.