Sindano kwa Mwenye Bawasiri

Swali: Tabibu, nina bawasiri itoayo damu, na niendapo haja hutokeza nje hata niirudishe kwa kidole. Nauhofu upasuaji, je, ni sindano ipi itakayonifaa?

Jibu: Hofu yako, ndugu yangu, haina lawama, lakini kwanza sharti tabibu akutazame ndani, maana damu ya njia hiyo pengine hutoka katika saratani ya utumbo. Ikithibitika kuwa ni bawasiri ya ndani (ile ya nje haichomwi, kwa kuwa ngozi yake ina hisia kali mno), sindano ya kale ni fenoli ya asilimia 5 katika mafuta ya lozi, itiwayo juu ya shina la uvimbe, mahali pasipo maumivu, ili mishipa inyauke na utando ushikamane na nyama iliyo chini yake. Hiyo hufaa kwa damu, ila aghalabu nafuu yake haidumu. Na ikikosewa mahali kwa mwanamume, yaweza kudhuru tezi dume. Mwenye mzio wa lozi asikaribie kabisa. Polidokanoli, hasa ya povu, hutenda kazi iyo hiyo.

Kwa uvimbe urudishwao kwa kidole kama wako, fenoli ni dhaifu. Tangu mwaka 2005 Wajapani hutumia mchanganyiko wa shabu na tanini, uchomwao mahali panne katika kila uvimbe na mkono uliofunzwa. Nao, ukipatikana, ndio ningeuchagua, ingawa maradhi hurejea zaidi kuliko baada ya kisu. Usipopatikana, muulize tabibu wako habari za kufungwa kwa mpira.