SOMO LA MFANYAKAZI: MNUNUZI ANAPOTAJA BEI YA KUTUPA



Katika somo hili tutazungumzia jambo linalowapata wenzetu wengi katika mashamba ya miwa na chai na katika viwanda vya Uganda. Mfanyakazi amejinyima miaka mingi, amejenga nyumba ndogo nje ya shamba. Kisha kazi inapungua, karo inadaiwa au mtu anaugua, na anataka kuuza. Wanunuzi ni wachache. Anakuja mmoja na kutaja nusu ya thamani. Afanyeje?

1. Kwa nini bei huanguka

Kiwanda kikipunguza watu, wauzaji huongezeka siku ile ile ambayo wenye fedha wanapungua. Ndipo anapotokea mnunuzi mwenye fedha mkononi. Huyu hapimi nyumba. Anapima dhiki yako. Dalali amekwisha kumwambia kwamba unadaiwa. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: usimtangazie mnunuzi wala dalali shida yako.

2. Ijue bei ya kweli

Hata muuzaji anaweza kukosea. Wengine hujumlisha saruji, mabati na jasho lao, wakataka soko lilipe yote. Soko halilipi jasho. Uliza nyumba tatu zinazofanana na yako, zilizouzwa karibu na kwako miezi ya hivi karibuni, zililipiwa kiasi gani. Bei iliyotajwa tu haifai, tafuta iliyolipwa.

Tuchukue mfano. Musa anataka shilingi 30,000,000. Nyumba tatu za jirani zililipiwa 24,000,000, 22,000,000 na 26,000,000. Wastani ni 24,000,000. Basi Musa naye amepandisha mno. Lakini mnunuzi anayetaja 12,000,000 anataka nusu ya nyumba bure. Anayetaja 21,000,000 anastahili kuketishwa na kuzungumza naye, maana bei ni maelewano.

3. Piga hesabu ya kungoja

Musa anaishi katika nyumba za kampuni. Nyumba yake ina vyumba vitatu, na viwili anaweza kuvipangisha kwa 60,000 kila kimoja, yaani 120,000 kwa mwezi. Deni la karo linalomsumbua ni 1,200,000.

Tuseme chama chao cha akiba na mikopo kinatoza asilimia 2 kwa mwezi juu ya deni lililobaki. Akikopa 1,200,000 kwa miezi 12, atalipa riba ya 156,000, jumla 1,356,000. Kodi ya vyumba kwa mwaka ni 1,440,000. Mwezi wa kwanza atalipa 124,000, hivyo ataongeza 4,000 kutoka mfukoni. Wa pili ataongeza 2,000. Kuanzia wa tatu kodi inatosha. Mwaka ukiisha deni limekwisha na nyumba bado ni yake.

Angekubali 12,000,000, angepoteza 12,000,000 nyingine ili kulipa deni la 1,200,000. Na siku kazi itakapokwisha, nyumba ya kampuni itarudishwa. Ataipeleka wapi familia?

Fedha mkononi nazo zina hatari yake. Mei 1987 serikali ya Uganda ilibadili sarafu: sufuri mbili zilifutwa, na asilimia 30 ikakatwa kuwa kodi. Aliyekuwa ameuza nyumba na kuweka noti alipungukiwa. Aliyebaki na nyumba alikuwa na vyumba vyake vyote.

4. Namna ya kumjibu mnunuzi

(a) Usimtukane. Mwulize amefikaje kwenye bei hiyo. Akitaja kasoro ya kweli, kama paa linalovuja, ondoa gharama yake tu.
(b) Taja bei yako pamoja na zile nyumba tatu zilizouzwa.
(c) Akisema "leo au basi", usitie sahihi leo. Lala nalo, shauriana nyumbani.
(d) Usikabidhi hati wala ufunguo kwa malipo ya nusu yasiyo na mapatano ya maandishi. Andikianeni mbele ya mashahidi na LC 1.

5. Sheria inasema nini

Sheria ya Ardhi ya Uganda ya mwaka 1998 inakataza kuuza ardhi ambayo familia inaishi au inapatia riziki bila idhini ya mume au mke. Huo si mzigo, ni ngao: "Sijazungumza na mwenzangu" ni jibu la kweli kwa mnunuzi mwenye haraka. Aidha, mwenye kibanja akitaka kukiuza lazima ampe mwenye ardhi nafasi ya kwanza. Ukipuuza hilo, unaweza kupoteza haki yako.

6. Kazi ya tawi

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Kila tawi liwe na daftari la bei: mahali, ukubwa, mwezi, na fedha iliyolipwa. Mmoja peke yake hudanganywa kwa urahisi. Wenzake wakijua bei, dalali atapunguza maneno.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika mtaa wenu, ni nyumba zipi tatu zilizouzwa mwisho, na kwa bei gani?
2. Ni wakati gani kuuza kwa bei ya chini ni bora kuliko kungoja?
3. Je, chama chenu cha akiba kinaweza kumkopesha mwanachama kabla hajafika kwa dalali? Kama hakiwezi, kinakosa nini?