Wazo la Upesi na Wazo la Taratibu

Kabla ya kuanza fundisho hili nawauliza swali moja. Panga na tupa ya kulinolea, vyote pamoja bei yake ni faranga 110. Panga lapita tupa kwa faranga 100. Je, tupa ni faranga ngapi?

Najua wengi wenu mmekwisha kujibu: faranga 10. Basi hesabuni tena. Tupa ikiwa 10, panga litakuwa 110, na vyote pamoja 120. Jibu la kweli ni 5: tupa 5, panga 105. Msione haya. Swali la namna hii, lenye vitu vingine, mtaalamu mmoja wa Marekani, Shane Frederick, alilitangaza mwaka 2005, na hata wanafunzi wa vyuo vikuu vyenye sifa kubwa walikosa wengi. Kujumlisha na kutoa walijua vema. Ila jibu la kwanza lilikuja lenyewe, likakaa kama mwenye nyumba, wala hawakulipima.

Daniel Kahneman, aliyezaliwa mwaka 1934 na kufa mwaka 2024, alichunguza mambo haya miaka mingi pamoja na mwenzake Amos Tversky. Alieleza kwamba akili ya mwanadamu yafanya kazi kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya upesi, nayo yaja bila kuitwa: wasikia sauti ya mama yako mlangoni, mara wajua kama amekasirika. Ya pili ni ya taratibu, nayo yachosha. Mwambie mwenzako anayetembea nawe azidishe 23 kwa 14 bila kuandika: utaona asimama njiani. Hata jicho lashuhudia, maana mwaka 1966 Kahneman na Jackson Beatty walionyesha kwamba mboni hupanuka mtu akikaza akili kukumbuka tarakimu nyingi.

Je, njia ya upesi ni mbaya? Sivyo. Mvuvi mzee akitazama maji na kugeuza mtumbwi ghafula, pengine hawezi kueleza sababu, lakini mfuate. Ziwa limemfundisha miaka 30, na kila alipokosea alijua siku ile ile. Kahneman na Gary Klein, ambao mawazo yao yalipingana, walipatana juu ya hayo mwaka 2009: wazo la upesi laaminika pale tu ambapo jambo lina desturi yake, na mtu amejifunza kwa makosa yanayoonekana mapema.

Hatari ni kwamba wazo lisilo na mafunzo hayo laja kwa nguvu ile ile, na mwenye nalo hasikii tofauti. Mtoto ashikwa na degedege usiku, afariki kabla ya mapambazuko. Swali gumu ni hili: ugonjwa gani umemwua? Akili yaliona zito, yaliacha kimya kimya, yajibu lililo jepesi: nani amegombana na jamaa hii? Mara jina lapatikana. Ni shangazi mjane, aliyenyimwa chumvi juzi. Kila mtu akumbuka neno lake kali, na hadithi yakamilika. Hakuna aulizaye ni watoto wangapi wamekufa katika nyumba zisizogombana na mtu.

Mwaka 1897 Ronald Ross, huko India, alikuta vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Mbu huyo huuma usiku, na homa huanza baada ya siku nyingi, mara nyingi juma moja au mawili na zaidi. Malaria kali yaweza kumletea mtoto mdogo degedege na kumwua upesi. Ugomvi wa juzi wakumbukwa na wote. Mbu wa majuma mawili yaliyopita, nani amkumbuka?

Hivyo mjane aweza kufukuzwa kijijini kabla jua halijatua, kwa jibu kama lile la faranga 10. Maswali ya taratibu ni madogo. Homa ilianza siku gani? Mtoto alilala chini ya chandarua? Alipelekwa kwa mganga wa dispensari siku ya kwanza, au ya nne? Je, yuko mtoto mwingine nyumbani mle mwenye homa? Hili la mwisho lisingoje mkutano wa wazee: yeye yu hai bado, achukuliwe leo.

Zoezi la juma hili. Wanawake 5 wasuka mikeka 5 kwa siku 5. Wanawake 100 watasuka mikeka 100 kwa siku ngapi? Jibu la kwanza liandikeni kando, kisha mhesabu pamoja na mwalimu wenu.