KUSOMA PICHA ZA GOMA

Ndugu msomaji, umekwisha jua kusoma maandishi. Leo tutasoma picha.

Goma ni mji wa Kivu ya Kaskazini, mashariki ya nchi ya Kongo. Uko kando ya Ziwa Kivu, chini ya mlima wa moto Nyiragongo. Wenyeji wake husema Kiswahili. Sehemu hizo zimeona vita kwa miaka zaidi ya 30. Wapigapicha wa nchi za mbali walikuja, wakapiga picha za bunduki, wakarudi kwao.

Moses Sawasawa ni mpigapicha wa Goma. Yeye na wenzake walianzisha kikundi kiitwacho Goma Oeil, yaani Jicho la Goma. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipowazuia wageni kusafiri, yeye na Wakongo wengine ndio waliopeleka ulimwenguni picha za nchi yao.

Mwenyeji anajua la kutazama. Fikiri juu ya chukudu. Ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, bila pedali. Mtu hukisukuma kikiwa na magunia ya viazi au makaa. Mgeni huona kichekesho. Mwenyeji huona karo ya shule. Mwanzoni mwa mwaka 2024 vita vilifika karibu na Sake, magharibi ya Goma, na njia za vyakula kutoka Masisi zikafungwa. Wakati kama huo, picha ya njia tupu isiyo na chukudu hata moja ni habari ya njaa.

Kuna jambo zito. Mama aliyekimbia kijiji chake akionekana uso, waliomtendea ubaya wanaweza kumtambua. Kwa hiyo mpigapicha humwomba ruhusa kwanza. Pengine hupiga mikono yake tu. Akikataa, basi. Picha nzuri haizidi uhai wa mtu.

Mwezi wa Januari 2025 wapiganaji wa M23 waliuteka mji. Mwezi uliofuata watu waliokuwa wamekimbilia kambi za kandokando ya Goma waliondoka, na vibanda vikabomolewa. Leo atakayetaka kuonyesha mahali alipopikia watoto wake ataonyesha picha.

Maswali
1. Kwa nini pengine mpigapicha haonyeshi uso wa mtu?
2. Mgeni akija kupiga picha kijijini kwako, ni kitu gani hatakiona?