Kufa kwa Chembe na Kazi ya Mitokondria



Wengi wetu tusikiapo neno kufa hufikiri uharibifu mtupu. Lakini katika mwili wa mtu mzima mabilioni ya chembe hufa kila siku, naye yu salama, ala na kulala. Tena lau chembe hizo zingekataa kufa, ndipo angeugua. Somo letu la leo ni kueleza jambo hili, na kutaja ni wapi itokapo amri ya kifo hicho.

Ifahamike kwanza kuwa chembe hufa kwa njia kubwa mbili. Ya kwanza ni kwa kujeruhiwa, kama kuungua au kukosa damu. Chembe hufura, ikapasuka, na yaliyomo ndani yakamwagikia jirani zake. Mahali pale pakavimba na kuuma. Ya pili ni kwa mpango. Chembe hujikunyata, ikajigawa vipande vidogo vilivyofungika, na chembe nyingine zikavimeza pasi na uvimbe. Mfano wake ni nyumba za mji wa kale zilizoshikana kuta: moja ikiungua, jirani hudhurika, lakini ikibomolewa na fundi, boriti kwa boriti, jirani hubaki salama. Kifo hiki cha pili ndicho walichokiita apoptosisi mabingwa watatu, Kerr, Wyllie na Currie, mwaka 1972. Ndicho kilichotenga vidole vyetu tulipokuwa matumboni mwa mama zetu, kwa kuondoa ngozi iliyoviunganisha.

Ama mitokondria, ni vyumba vidogo mno vilivyomo ndani ya chembe, vyenye tando mbili, ya nje na ya ndani. Kazi yake mashuhuri ni kutoa nguvu kutokana na chakula tulacho na hewa tuvutayo. Katika kazi hiyo hutumika protini iitwayo saitokromu c, ikaayo baina ya tando hizo mbili. Maadamu imo humo, ni mtumishi wa uhai. Lakini chembe ikiharibika isiweze kutengenezeka, protini ziitwazo Bax na Bak huutoboa utando wa nje. Saitokromu c hutoka, ikashikana na protini nyingine iitwayo Apaf-1, na hapo huamka vimeng'enya viitwavyo kaspesi, vikaikatakata chembe kutoka ndani. Kazi hii ya saitokromu c ilidhihirishwa na Xiaodong Wang na wenziwe huko Marekani mwaka 1996. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Ajabu ni kuwa hapa kilacho chembe ndicho kiulindacho mwili.

Je, ni nani aufungaye mlango huu? Ni protini iitwayo Bcl-2, ambayo huzizuia Bax na Bak. Mwaka 1988, huko Melbourne, Australia, Vaux, Cory na Adams walionyesha kuwa Bcl-2 ikizidi, chembe huendelea kuishi pale ilipopasa kufa. Hii ni mojawapo ya njia za saratani: si lazima chembe zizaane mbio, huenda zikakataa kufa tu. Kwa ajili hiyo ikatengenezwa dawa ya venetoklaksi, ambayo huishika Bcl-2 ili amri ya kifo ipite. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2016 kwa aina moja ya saratani ya damu.

Faida ya somo hili ni hii. Dawa nyingi za saratani huziharibu chembe mbaya mpaka mitokondria zitoe amri. Amri hiyo huzifika pia chembe njema zizaanazo upesi, kama za mashina ya nywele. Ndiyo sababu nywele hunyonyoka. Jamaa waonapo hayo husema, "Dawa yamuua mgonjwa wetu," wakamwachisha. Hilo ni kosa kubwa. Kunyonyoka nywele si dalili ya kuwa dawa imeshindwa, na aghalabu huota tena. Dhiki ikizidi, aambiwe tabibu, kwani anazo njia za kuipunguza. Mgonjwa asiachishwe dawa kwa shauri la barazani.

Maswali ya kudurusu:
1. Kuna tofauti gani baina ya vifo viwili vya chembe?
2. Saitokromu c hufanya nini ikiwa ndani ya mitokondria, na hufanya nini ikitoka?
3. Kwa nini Bcl-2 ikizidi huleta madhara?