Ikweta na Urushaji wa Roketi: Funzo kutoka Ghuba ya Ungwana

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru wake, roketi aina ya Scout ilirushwa kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini katika Ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi. Ilibeba satelaiti yenye masi ya kilo 140 hivi, ambayo kwa heshima ya siku hiyo ilipewa jina la Uhuru. Hiyo ndiyo satelaiti ya kwanza ulimwenguni iliyoundwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani. Kwa msaada wake wanasayansi waliorodhesha vyanzo 339 vya miali hiyo, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza uchunguzi huo, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Satelaiti na roketi vilikuwa vya Wamarekani. Jukwaa, liitwalo San Marco, lilikuwa la Waitaliani chini ya uongozi wa Profesa Luigi Broglio. Kwa nini basi vyombo hivyo vilisafirishwa hadi pwani ya Afrika Mashariki, hali Marekani ina viwanja vyake vya kurushia roketi? Jibu la swali hili limo katika fizikia ya shule ya sekondari. Makala haya yanakusudia kulieleza, na pia kuonyesha mpaka wa jibu lenyewe. Kwani yako mambo ambayo Ikweta hurahisisha, na yako ambayo haiyasaidii hata kidogo.

Roketi na kanuni yake

Roketi husukumwa kwa kanuni ya tatu ya Newton: kila tendo huwa na tendo-kinyume lililo sawa nalo. Gesi ya moto hutoka nyuma kwa kasi kubwa, na roketi husukumwa mbele. Roketi haihitaji hewa ya kuegemea, kwa hiyo huweza kusafiri hata pasipo na hewa.

Aghalabu watu hudhani kwamba kazi ya roketi ni kupanda juu tu. Kwa hakika kazi kubwa zaidi ni kwenda kando. Ili satelaiti idumu katika obiti iliyo karibu na dunia, sharti iende sambamba na uso wa dunia kwa kasi ya kilometa 7.8 hivi kwa sekunde. Ikiwa na kasi hiyo, huendelea kuanguka kuelekea duniani, lakini uso wa dunia nao hupinda chini yake kwa kiasi kile kile. Kwa hiyo haifiki chini. Ukiongeza gharama ya kushindana na mvutano wa dunia pamoja na ukinzani wa hewa, jumla ya kasi inayotakiwa hukaribia kilometa 9 au zaidi kidogo kwa sekunde.

Mwaka 1903 mwalimu wa Kirusi, Konstantin Tsiolkovsky, alichapisha mlinganyo unaotawala safari hizi:

V = u × ln (M/m)

Hapa V ni kasi inayopatikana, u ni kasi ya gesi inayotoka, M ni masi ya roketi kabla ya kuwaka, na m ni masi inayobaki baada ya mafuta kwisha. Chukuliwe mfano wa u iliyo kilometa 3 kwa sekunde na V iliyo kilometa 9 kwa sekunde. Hapo ln (M/m) ni 3, na M/m ni 20 hivi. Maana yake ni kwamba katika kila tani 100 zinazoondoka ardhini, zinazobaki ni tani 5 tu. Na katika tani 5 hizo yamo matangi, injini na mabomba. Satelaiti yenyewe hupata makombo. Ndiyo sababu roketi hujengwa kwa vipande vilivyopandanishwa, kila kimoja kikatupwa mafuta yake yanapokwisha. Scout ilikuwa na vipande vinne.

Msaada wa Ikweta

Baharia anayeng'oa nanga wakati mkondo unaelekea aendako huanza safari akiwa tayari na mwendo asioutolea jasho. Roketi nayo ni vivyo hivyo. Mzingo wa dunia katika Ikweta ni kilometa 40,075, na dunia hujizungusha mara moja kwa saa 24 hivi. Kwa hiyo kila kitu kilichoko Ikweta, hata kikionekana kimetulia, huelekea mashariki kwa kasi ya meta 464 kwa sekunde. Kadiri mtu anavyosogea kwenye ncha za dunia, kasi hiyo hupungua kwa kuzidishwa na kosaini ya latitudo. Jukwaa la San Marco, lililo nyuzi 3 hivi kusini ya Ikweta, lina meta 463. Baikonur nchini Kazakhstan, kwenye nyuzi 46 kaskazini, pana meta 322 tu.

Tofauti hii ina faida gani? Katika mfano uliotangulia, toa kilometa 0.464 katika kilometa 9. Masi ibakiayo hupanda kutoka tani 5 hadi tani 5.8. Kwa kuwa uzito wa matangi na injini haukubadilika, nyongeza yote hiyo ya kilo 800 ni ya mzigo. Haba na haba hujaza kibaba.

Obiti huchagua uwanja

Hata hivyo, kasi hiyo siyo sababu pekee, wala siyo iliyo kubwa. Roketi haiwezi kuingia moja kwa moja katika obiti ambayo mwinamo wake, yaani pembe yake na bapa la Ikweta, ni mdogo kuliko latitudo ya uwanja. Kuigeuza obiti baadaye kunagharimu mafuta mengi. Satelaiti ya Uhuru ilitakiwa izunguke juu ya Ikweta ili iepuke, kwa sehemu kubwa, eneo la chembe zenye nguvu lililo juu ya Atlantiki ya Kusini, ambalo lingevuruga vipimo vyake. Kwa roketi ndogo kama Scout, Ghuba ya Ungwana ilikuwa mahali pafaapo sana. Kwa sababu kama hiyo Wafaransa walijenga uwanja wao Kourou, nyuzi 5 kaskazini ya Ikweta, panapofaa kurushia satelaiti za mawasiliano zinazokaa kilometa 36,000 juu ya Ikweta.

Lakini si kila satelaiti huhitaji obiti hiyo. Satelaiti inayopiga picha za mashamba, misitu na mafuriko hutakiwa ipite karibu na ncha za dunia, ili dunia inapojizungusha chini yake iweze kuiona yote. Kwa obiti ya namna hiyo mwendo wa kuelekea mashariki hauna faida; roketi hulazimika hata kuufuta.

Serikali na makampuni

Tangu Sputnik iliporushwa na Urusi ya Kisovieti tarehe 4 Oktoba 1957, safari za anga zilikuwa, kwa miongo mingi, kazi ya serikali. Roketi ilitumika mara moja tu, kisha ikatupwa. Marekani ilijaribu kuibadili desturi hiyo kwa chombo chake cha Space Shuttle, kilichofanya safari 135 kati ya mwaka 1981 na 2011. Lakini kukikarabati baada ya kila safari kulikuwa kazi kubwa na ya gharama.

Mabadiliko yaliyofuata yaliletwa na kampuni binafsi. SpaceX ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2002, ilishindwa mara tatu kuifikisha roketi yake ndogo katika obiti kabla ya kufaulu tarehe 28 Septemba 2008. Mwezi Desemba 2015 kipande cha chini cha roketi yake ya Falcon 9 kilirudi na kutua wima, na mwezi Machi 2017 kipande kilichokwisha kuruka kilirushwa tena. Mwanafunzi aone kwamba mlinganyo wa Tsiolkovsky haukukiukwa. Mafuta yanayowekwa akiba kwa ajili ya kutua hupunguza mzigo. Lakini injini tisa za kipande hicho, badala ya kuzama baharini, hutumika tena. Wala serikali haikujitoa: imekuwa mteja. Wanaanga wawili waliopelekwa na kampuni hiyo katika Kituo cha Kimataifa cha Anga mwezi Mei 2020 walikuwa watumishi wa NASA, shirika la serikali.

Kutoka Uhuru hadi Taifa-1

Jukwaa la San Marco lilirusha satelaiti 9 kati ya mwaka 1967 na 1988, kisha urushaji ukakoma; kituo cha nchi kavu kikaendelea na kazi ya kuwasiliana na satelaiti. Tarehe 15 Aprili 2023 Kenya ilipata satelaiti yake ya kuchunguza ardhi, Taifa-1. Haikurushwa kutoka Ungwana. Ilirushwa kwa Falcon 9 kutoka Vandenberg, California, nyuzi 35 hivi kaskazini ya Ikweta, pamoja na satelaiti nyingine nyingi zilizogawana nauli.

Wengine huenda wakaona hilo ni jambo la kusikitisha. Fizikia haisemi hivyo: Taifa-1 ilihitaji obiti ipitayo karibu na ncha za dunia, na kwa obiti hiyo Ikweta haina upendeleo. Mwaka 1970 pwani ilitoa mahali, na wageni wakaleta chombo. Mwaka 2023 chombo kilikuwa cha Kenya, na mahali pakawa pa wageni. Nchi zilizo kwenye Ikweta zina mali ya asili ambayo haichakai. Lakini mali hiyo ni meta 464 kwa sekunde na uhuru wa kuchagua obiti, basi. Mengine yote, kuanzia matangi hadi hesabu, hutengenezwa na watu waliosoma.

Mazoezi

1. Tafuta latitudo ya mji wako, kisha kokotoa kasi yake ya kuelekea mashariki.

2. Haidrojeni na oksijeni hutoa gesi kwa kasi ya kilometa 4.4 hivi kwa sekunde. Kokotoa upya masi ibakiayo katika tani 100, V ikiwa kilometa 9 kwa sekunde.

3. Nchi moja inataka satelaiti ya televisheni, nyingine satelaiti ya kuchunguza ukame. Ni ipi itakayofaidika zaidi na uwanja ulio Ikweta? Toa sababu.